Usiinue Mguu

Fyuzi alikuwa amelala chali chini ya dashibodi ya gari dogo la kijivu, kichwa kikigusana na pedali na miguu ikining'inia nje ya mlango, aliposikia gereji nzima imenyamaza. Gereji ya mjomba wake haikuwa na tabia ya kunyamaza. Palikuwa na nyundo, palikuwa na redio, palikuwa na mafundi wanne waliobishana kuhusu mpira tangu asubuhi hadi jioni bila kufikia mwafaka. Vikikatika vyote kwa mpigo mmoja, ujue ameingia mtu wa kuheshimiwa au mtu wa kuogopwa.

Akapinda shingo, akachungulia. Aliona viatu kwanza: vyeusi, vya kisigino kifupi, vimepigwa rangi vikang'aa, vikipita kati ya madimbwi ya oili kwa hatua za mtu aliyezoea kukagua madarasa. Viatu vile alivijua. Kwa miezi miwili alikuwa akijitahidi kumsahau mtoto wa mwenye viatu vile, na kazi hiyo ilikuwa imemshinda.

"Fyuzi," mjomba wake aliita kwa sauti ya chini isiyo yake. "Una mgeni."

Jina hilo alipewa hapo hapo gerejini. Mama yake alipofariki, mjomba alimchukua akiwa na miaka kumi na mmoja, na akajua kubadilisha fyuzi kabla hajajua kupika. Wapo waliosema jina limemkaa kwa sababu nyingine, kwamba alikuwa mwepesi wa kukatika. Sasa alikuwa na miaka thelathini na mmoja, fundi wa umeme wa magari, na wanaume waliomzidi umri walimletea magari yaliyowashinda, wakayaegesha na kuondoka bila kumtazama usoni.

Alijivuta nje taratibu, akasimama, akapangusa mikono kwenye ovaroli. Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama mbele yake. Alikwisha kustaafu miaka sita iliyopita, lakini mtaa mzima bado ulimwita hivyo, na yeye hakuwahi kumkosoa mtu. Leo, hata hivyo, kulikuwa na kitu kigeni kwake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa kitambaa kilichoning'inia shingoni, na kidevuni palikuwa na mchubuko uliokwisha kuanza kugeuka njano.

Fyuzi akamwamkia. Mwalimu Mkuu akaitikia.

"Mama, umepatwa na nini?"

"Nitakueleza. Nipatie kwanza kitu cha kukalia."

Mjomba alikuwa amekwisha kufuta kiti kwa shati lake mwenyewe.

Ili ieleweke kwa nini mafundi wanne walizima redio bila kuambiwa, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Mambo yalianzia kwenye taa. Mwezi wa mwisho wa kiangazi, kijana mmoja mrefu mwenye miwani alileta gari la mama yake pale gerejini. Alikuwa mfamasia katika duka la dawa la mtaa wa pili, mtu wa sauti ya upole, aliyezoea kurudia maelezo mara tatu kwa wazee wasiosikia vizuri. Akaeleza kwamba kwenye dashibodi imewaka taa ya njano yenye herufi tatu, A na B na S, lakini haina shida kubwa, kwa kuwa gari linatembea.

"Hata mgonjwa wa presha anatembea," Fyuzi alimjibu bila kuinua kichwa.

Mfamasia alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mwanamume aliyewahi kulifanya mbele ya Fyuzi tangu ashike bisibisi: aliuliza maana yake ni nini, halafu akanyamaza akasubiri jibu.

Fyuzi akamweleza. Breki za zamani, alisema, ukizikanyaga kwa nguvu kwenye barabara yenye maji, magurudumu yanaganda, gari linaserereka, na usukani unabaki pambo. Ugeuze kulia, ugeuze kushoto, gari linakwenda litakako. Breki hizi mpya zina kompyuta. Kila gurudumu lina kidude cha kupima mwendo wake, na kompyuta ikiona gurudumu linataka kuganda, inaachia na kushika, inaachia na kushika, mara nyingi ndani ya sekunde moja, ili tairi liendelee kuviringika na usukani uendelee kukutii. Hiyo taa ya njano inasema kompyuta imepofuka kwa gurudumu moja. Akaingia chini ya gari, akatoka na waya uliotafunwa na panya.

Mfamasia akatoa kalamu akaandika maelezo yote nyuma ya bahasha ya vidonge. Alirudi kesho yake kuuliza kuhusu taa nyekundu yenye picha ya mtu aliyekaa na duara kifuani. Akaambiwa hiyo ni ya mifuko ya hewa, inayojaa upepo kwa kufumba na kufumbua gari linapogonga, ili uso usikutane na usukani. Akauliza, kama kuna mifuko, mkanda wa nini tena? Fyuzi akamwambia mkanda na mfuko ni mume na mke, kila mmoja peke yake anaweza kukuumiza. Baada ya kulisema hilo aliona haya, akajifanya anatafuta spana iliyokuwa mkononi mwake.

Keshokutwa akarudi na swali la tatu, ambalo lilikuwa ndani ya kitabu cha gari, ukurasa wa kumi. Mafundi wakaanza kukohoa kila akionekana getini. Siku moja mjomba alimwuliza mpwa wake kama yule kijana anasomea ufundi au anasomea kitu kingine. Fyuzi, aliyekuwa amejiaminisha kwamba mapenzi ni kazi ya watu wasio na kazi, usiku alijikuta akitabasamu peke yake gizani.

Siku ya kukabidhi gari alikuja Mwalimu Mkuu mwenyewe, pamoja na binti yake, dada wa mfamasia, aliyekuwa na ujauzito wa miezi mitano. Pale gerejini kulikuwa na sheria ya mjomba ambayo haikuwahi kuvunjwa: gari lililotengenezwa breki haliondoki mpaka mwenyewe azijaribu. Mwalimu Mkuu alisema ameendesha miaka thelathini na mbili, hahitaji somo. Fyuzi akasema kwa heshima zote kwamba funguo ziko mfukoni mwake na zitabaki humo. Wakaenda uwanja wa nyuma wanakooshea magari, saruji ikiwa imelowa.

Aliendesha, akakanyaga breki. Pedali ikatetemeka na kunguruma chini ya kiatu, naye akaruka, akainua mguu.

"Mama, usiinue mguu," Fyuzi alimwambia kutoka kiti cha pembeni. "Huo mtetemo si ubovu. Ndiyo kazi yenyewe. Kandamiza mpaka mwisho, halafu geuza usukani unakotaka kwenda."

Mara ya pili akainua tena. Tangu ujana wake alifundishwa kupampu breki, kukanyaga na kuachia, na mguu wa mtu wa miaka sitini na sita hausahau. Mara ya tatu, kwa hasira zaidi kuliko kwa imani, akakandamiza. Gari likatetemeka, likapinda lilipoelekezwa, likasimama. Fyuzi akatumia nafasi hiyo kusogeza kiti cha Mwalimu Mkuu nyuma, kwani alikuwa anakaa karibu mno na usukani, kifua kikikaribia kuugusa, na mfuko wa hewa unahitaji nafasi ya kufunguka. Kisha akashuka, akampisha binti mjamzito kwenye kiti cha pembeni, akauvuta mkanda kutoka juu ya tumbo, akaushusha ukapita chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, na ule wa juu akaupitisha katikati ya kifua.

Mpaka hapo mambo hayakuwa mabaya. Yaliharibika pale mfamasia, aliyekuwa amekuja nao, aliposogea kuchukua funguo, akaona kipande cha waya kimenasa kwenye nywele za Fyuzi, akakitoa. Alikitoa tu, polepole, na Fyuzi akainua macho akamtazama. Mama, mtu mzima, hakuhitaji kuambiwa. Alitazama kile kidole, akatazama yale macho mawili, akajua kila kitu.

"Kumbe maswali yote yale ya taa," alisema, kwa sauti ile ile aliyotumia kufukuza watu shule. "Sikiliza, mwanangu. Sikukusomesha ili uniletee mke wa kulala chini ya magari ya wanaume."

Mafundi wanne walisikia. Mjomba alisikia. Fyuzi alisikia, lakini kilichomkata si maneno ya mama. Wazazi husema mengi. Kilichomkata ni kwamba mfamasia alisimama pale na funguo mkononi, akafungua mdomo, akaufunga. Akamfungulia mama yake mlango. Gari likaondoka.

Alipopiga simu jioni, Fyuzi hakupokea. Alipokuja kesho yake, mjomba aliagizwa kusema hayupo, na kwa kuwa mjomba hakujua kudanganya, alisema, "Ameniambia niseme hayupo." Alikuja tena wiki iliyofuata, akaambiwa hivyo hivyo, akaondoka kichwa chini. Hakuja tena.

Na sasa mama yake alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, katikati ya injini mbili zilizofunguliwa, akimwomba Fyuzi naye akae.

"Nitasema, na usinikatishe," alisema Mwalimu Mkuu. "Nikikatishwa sitaweza kuanza tena."

Akasimulia. Ilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita, asubuhi, mvua ikinyesha. Alikuwa anampeleka binti yake kliniki. Kwenye ule mteremko mrefu wa kuelekea hospitalini, lori lililobeba mabomba lilikuwa linapanda upande wa pili, likaserereka, likageuka likalala katikati ya njia. Alikuwa na nafasi ndogo sana, labda ya magari matano. Alikanyaga breki. Pedali ikatetemeka, ikanguruma.

"Mguu wangu ulitaka kuinuka," alisema. "Nakwambia kweli. Ulishaanza kuinuka. Nikakusikia wewe. Si kwamba nilikumbuka, nilikusikia kabisa, kwa ile sauti yako ya kuniamuru. Nikakandamiza. Nikasema, nigeuze usukani ninakotaka kwenda. Nikageuza kushoto, na lile gari likanisikiliza, mwanangu. Likapita pembeni ya mabomba. Likapanda tuta la udongo likagonga hapo. Mifuko ikafunguka. Nilidhani nimekufa, kwa ule moshi na ule mlio."

Alitazama sakafu. Fyuzi alikuwa na maswali mia, lakini likamtoka moja tu, la kazi.

"Dada alifunga mkanda vipi?"

"Kama ulivyomfunga. Amekataa kuufunga vingine tangu siku ile, na mimi nilikuwa namcheka." Mama akarekebisha kitambaa cha shingoni. "Daktari alimweka siku mbili, akampima kila saa. Mtoto hana neno. Anapiga mateke kama zamani. Yeye mwenyewe ana alama ya mkanda nyongani, basi. Daktari aliniuliza nani alimfundisha kuufunga vile. Nikamwambia ni fundi wetu."

Fyuzi alisikia macho yanamchoma. Alimfikiria yule dada mpole, jinsi alivyomwachia auvute mkanda wake bila kuuliza. Akafikiria ule waya uliotafunwa na panya, na jinsi ilivyokuwa rahisi gari lile kuendelea kutembea na taa yake ya njano, siku baada ya siku, mpaka kwenye mteremko ule. Akashukuru moyoni, haraka haraka, kama anayekimbiza shukrani isimpite.

"Nimekuja kusema asante," alisema Mwalimu Mkuu. Kwa miaka thelathini watoto walikuwa wakisimama kumwambia neno hilo kwa pamoja, na sasa lilimtoka kwa shida, kama mtu anayelisoma kwa mara ya kwanza. "Na nimekuja kusema nilikukosea. Nilikutukana mbele ya watu, kwa hiyo nimekuja kukuomba radhi mbele ya watu. Hawa waliozima redio wote wasikie."

Mafundi wanne wakapata kwa ghafla kazi nyingi za kuinamia.

"Mama, yamekwisha," Fyuzi alisema. Alipiga magoti pale sakafuni, akamshika ule mkono mzima. "Wewe upo, dada yupo, mtoto yupo. Mimi ndiye ninayepaswa kushukuru. Kazi yetu hii mtu akipona hujui. Gari linakwenda, halirudi kukuambia. Leo limerudi kuniambia."

Kisha mama akakohoa, akashika mbavu, akasema lile la tatu lililomleta. Kwamba ana mtoto wa kiume asiyekula wala kulala. Kwamba kama Fyuzi bado ana nafasi moyoni, yeye kama mzazi hana tena pingamizi. Kwamba angefurahi.

Fyuzi akauachia mkono wake taratibu, akainuka. Hapo ndipo mjomba, aliyemlea na kumjua, alipofumba macho, akidhani fyuzi inakatika. Lakini sauti yake ilikuwa tulivu.

"Mama, shukrani yako nimeipokea kwa mikono miwili, na msamaha pia. Hili la tatu siwezi. Mimi si zawadi ya kulipia breki. Leo mbavu zinakuuma, unanipenda. Mbavu zikipoa, utaniona tena niko chini ya magari. Na yeye vilevile. Alinyamaza mimi nikitukanwa. Sasa nimewaokoa mama yake na dada yake, anataka kusema. Mwanamume anayesubiri ajali ili aongee, nitaishi naye vipi? Niombe ajali kila wiki?"

Mwalimu Mkuu hakukasirika. Alimtazama kwa muda mrefu, kama anayesahihisha karatasi na kukuta jibu bora kuliko lile alilonalo kwenye kitabu cha majibu.

"Ningeweza kuondoka sasa hivi," alisema hatimaye. "Ningesema nimeomba, nimekataliwa, na mwanangu angebaki wangu. Lakini kuna kitu hukijui, na nikikificha nitakuwa mwizi. Ajali ilikuwa Jumanne. Jumapili kabla yake, baada ya chakula cha mchana, mwanangu aliweka kijiko mezani akaniambia anakuoa. Hakuniomba. Aliniambia. Akasema ananipenda na ataendelea kunitunza mpaka siku yangu ya mwisho, lakini akasema miezi miwili ya kunitii imemwonyesha kwamba kunitii si kunipenda. Nilinyanyuka mezani. Sikusema naye Jumatatu yote. Jumanne nilikuwa namwendesha dada yake kwa sababu nilikuwa nimemkataza yeye asiguse gari langu."

Uani bomba lilikuwa likidondosha maji.

"Alikuwa amepanga kuja kwako Jumatano," mama aliendelea. "Kisha tukalazwa. Na tulipotoka, nikamwambia sasa nenda, akakataa. Alisema akija leo utadhani ameletwa na ajali, na utakuwa na haki. Ndiyo nikaja mimi. Nisichoweza kukulipa kwa breki nakulipa kwa ukweli huu, maana ulikuwa unaniuma kuliko mbavu."

Miezi miwili Fyuzi alikuwa amejipikia mwanamume mmoja mwoga, akamla kila siku asubuhi na jioni pamoja na machungu yake. Sasa aliambiwa kulikuwa na mwanamume mwingine, aliyeweka kijiko mezani.

"Yuko wapi?" aliuliza.

"Nje, kwenye teksi. Nilimkataza kuingia. Hili nilitaka kulisema bila wa kunishika mkono."

Fyuzi akatoka. Jua la saa nne lilikuwa kali, akakunja macho. Mfamasia alikuwa ameegemea ukuta ng'ambo ya geti, mikono mifukoni, amepungua mpaka kola ya shati ikawa kubwa. Alipomwona alisimama wima. Hakumkimbilia. Walitazamana kwa umbali wa hatua kama sita, na katika ule utazamaji kulikuwa na kila kitu ambacho simu zisizopokelewa zilitaka kusema.

"Mama amekusumbua?" aliuliza.

"Hapana. Amenishukuru." Akapangusa mikono kwenye ovaroli. "Siku ile kwa nini ulinyamaza?"

Mfamasia alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Baba alituacha nikiwa na miaka saba. Mama alitulea peke yake, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kumwambia hapana. Nina miaka thelathini na minne, na nilikuwa silijui hilo neno linasemwaje mbele yake. Nilidhani nikinyamaza sitamkosea mtu. Kumbe nilimkosea mtu mmoja tu, na ni wewe." Akatazama chini. "Sina udhuru. Nilikuona unavyonitazama nikiufunga mdomo. Silali kwa ajili ya macho yale."

"Jumapili ile, kabla ya ajali, ulimwambia nini?"

Aliinua kichwa kwa mshtuko. Akatazama kuelekea gerejini, kisha akamtazama yeye, na usoni mwake Fyuzi aliona kwamba hakujua, hakupanga, hakumtuma mama yake kuja kulisema.

"Amekwambia?" sauti yake ilikuwa ndogo. "Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Mbele ya mafundi."

Mfamasia akageuka akatazama ukuta. Mabega yakamtikisika mara moja. Fyuzi alizivuka zile hatua sita, akasimama karibu naye bila kumgusa, kwa sababu mikono yake ilikuwa na grisi na shati lile lilikuwa jeupe. Akasubiri, kama yeye alivyomsubiri siku ile ya kwanza.

"Sijakusamehe vyote," alimwambia. "Lakini kikubwa nimekisamehe. Hivyo vingine vitakwisha vyenyewe, kama utakuwa unakuja."

"Nitakuwa nakuja."

"Basi ingia. Mjomba ana maswali yake, na mjomba hana breki."

Wakaingia pamoja. Mjomba alikuwa amevaa shati lake tena, oili ikiwa mgongoni, na alikuwa ametandaza gazeti kwenye boksi akalifanya meza. Alimpima mfamasia kuanzia viatu mpaka miwani. Alisema kwamba yeye si msomi, na mpwa wake hana baba wala mama wa kumsemea, kwa hiyo atasema yeye kwa kifupi. Siku ile waliondoka hapa bila hata mmoja wao kumtetea mpwa wake. Je, leo kijana anakuja na nini?

Mafundi wanne waliacha kujifanya wanafanya kazi.

"Mjomba, leo nakuja na mdomo," mfamasia alisema. Sauti yake ya upole ilifika mpaka ukuta wa nyuma. "Nampenda mpwa wako. Naipenda na kazi yake. Sitamwomba aiache, na mtu akimsema kwa kazi hii mbele yangu, hata akiwa aliyenizaa, nitasema. Naomba mniruhusu nilete wazee wangu."

Mjomba alimtazama Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu akaitikia kwa kichwa. Mjomba akamtazama Fyuzi. Naye akaitikia.

"Jumamosi ijayo," mjomba alisema. "Mje asubuhi, mje na watu wazima, tukae tuzungumze." Kisha akaenda kuwasha redio, na wote walijua kwamba alikwenda huko ili wasimwone akifuta macho.

Fyuzi alisimama katikati ya gereji aliyokulia. Mwanamke aliyekuwa afe alikuwa hai. Mtoto asiyezaliwa alikuwa anapiga mateke. Mwanamume aliyemlilia alikuwa amesema wakati hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa na ya kushukuru mengi mno kwa asubuhi moja, hata asijue aanzie wapi. Akaanzia kwa aliyekuwa karibu. Akainama kwenye kile kiti cha mbao, akamkumbatia Mwalimu Mkuu pamoja na kitambaa chake, ovaroli, grisi na vyote.

"Polepole, mwanangu," mama alisema. "Mbavu bado."

Lakini ule mkono wake mzima ulikuwa umeshamzunguka mgongoni, na hakumwachia.